Fundi Aliyesoma Makosa Kuanzia Juu

Ifikapo tarehe 30 mwezi huu, fundi mkuu wa kompyuta wa kituo chetu cha utabiri wa mito atastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Jina lake halisi limo kwenye faili. Sisi tunamwita Kiguu na Njia, na hata mkewe humwita hivyo anapopiga simu mapokezi kumtafuta.

Jina alilipata kwa haki. Programu zetu za kisayansi haziji zikiwa tayari. Huja kama msimbo mtupu, yaani maagizo yaliyoandikwa tu, ikubidi uzijenge mwenyewe kwenye mashine yako hadi zifanye kazi, na kujenga huchukua saa moja, pengine tatu. Kwa muda wote huo Kiguu na Njia hakai akakalika. Atashuka ngazi, atamuuliza mpishi wa kantini habari za wajukuu, kisha atakimbia kurudi kabla hajajibiwa.

Mwaka ule wa mvua kubwa, mashine kuu iliungua asubuhi. Nyingine ilikuwapo, lakini programu ya kukadiria kina cha mto ilikataa kujengeka. Makosa yalijaa skrini nzima. Watafiti wawili, mimi nikiwa mmojawapo, tulijitia ufundi: tukalivamia kosa la mwisho, tukalirekebisha, yakazuka mengine kumi. Maji yalikuwa yakipanda, ofisi ya maafa ikipiga simu kila nusu saa.

Kiguu na Njia alikuwa likizo, akimuuguza dada yake. Alisikia habari, akaja bila kuitwa, viatu vimelowa. Akaipandisha orodha ya makosa hadi juu kabisa.

"Kosa la kwanza ndilo mama," alisema. "Hayo mengine ni watoto tu."

Mama alikuwa maktaba moja ya hesabu, yaani fungu la kanuni zilizoandikwa tayari, ambayo programu yetu huitegemea: tulikuwa tumeweka toleo la zamani. Alilitoa, akaweka jipya, akaanza upya. Saa nane mchana programu ilijengeka bila kosa hata moja. Tulikumbatiana. Mkurugenzi akataka utabiri utoke papo hapo.

Kiguu na Njia akakataa. Aliijaribu kwanza kwa vipimo vya mafuriko ya zamani, ambayo kina chake tunakijua. Jibu lilipungua kwa mita moja na nusu. Akatafuta, akagundua kwamba kwa haraka zake aliongeza agizo la kuharakisha hesabu, nalo likaziharibu. Angeweza kuilaumu mashine.

"Hili nimelifanya mimi," alimwambia mkurugenzi mbele yetu sote. "Nipe saa mbili."

Mkurugenzi alikasirika wala hakuficha. Kwa saa mbili hizo fundi wetu alipima ukumbi kwa miguu, na safari hii hakumsalimu mtu. Jaribio la pili lilitoa kina sahihi. Utabiri ukatoka saa kumi na nusu, watu wa bondeni wakahama kabla ya giza. Maji yalifika madirisha ya shule yao. Madarasani hamkuwa na mtu.

Wiki iliyopita alimpa mwenzake anayemrithi mashine tupu na daftari la maelekezo aliloliandika mwenyewe, akaahidi kutomwelekeza kwa mdomo. Mwenzake huyo alikwama ukurasa wa nne. Fundi aliingia, akachukua kalamu, akasahihisha ukurasa. Alimwambia kwamba yeye hakukosea, daftari ndilo lililokosea. Alirudia hivyo mara kumi na moja, siku tatu mfululizo.

Alhamisi programu ilijengeka mikononi mwa mrithi wake na kufaulu jaribio wakati Kiguu na Njia yuko kantini. Hakuna aliyekumbuka kumwita. Aliukuta utabiri wa siku umebandikwa ukutani, akausoma mara mbili, akachukua koti lake na kwenda nyumbani mapema. Katika miaka thelathini na mmoja, hilo hatukuwahi kuliona.

Ahsante, ndugu yetu. Nenda salama, na miaka ijayo ikujie bila papara.