Hisa za Kinu cha Ruiru

Sogeeni, Ndinda, na wewe Erastus, niwekeeni mto huu mgongoni, kwa maana kifua changu hakina tena pumzi ya kumfikia mtu aliyesimama mlangoni. Msilie. Tangu juzi nimekuwa mwepesi kama mtu aliyetuliwa gunia, na mtajua kwa nini.

Mnajua nilikuwa fundi wa injini katika shamba la mkonge hapa Thika kwa miaka ishirini na mbili. Msichojua ni jinsi nilivyopumbaa. Mwaka wa hamsini na moja, vita vya Korea vilipopandisha bei ya mkonge, nilisikia sokoni kwamba lori la kubeba mkonge linarudisha fedha zake kwa miezi minne, nikauza ng'ombe watatu wa mama yenu, nikaingia ubia wa lori kuukuu, mimi fundi mzima, bila kuinama hata mara moja nilitazame chini. Marehemu mama yenu Wayua aliniambia pale uani kwetu Ngoliba, "Baba Ndinda, wewe hununui lori, unanunua kelele za watu." Nikamjibu kwamba mambo ya mjini hayajui. Mbio za sakafuni huishia ukingoni: bei ikaanguka, lori likabaki juu ya mawe kuku wakitaga ndani yake, na mama yenu hakunikumbusha neno lake hata siku moja. Kule kunyamaza kwake ndiko kulikonifundisha.

Tangu hapo nikaapa nisinunue kitu nisichoweza kukifungua na kukifunga kwa mikono yangu, wala nisiulize soko kitu changu kina thamani gani.

Kisha wakoloni wakatangaza Hali ya Hatari. Mwaka wa hamsini na nne watu walizolewa kwa malori kupelekwa kizuizini, Ruiru ikapoa kama jiko lililohamwa, na kile kinu cha mahindi ambacho baba yenu mdogo, Munyao, alikuwa amenunua hisa zake na wenzake, kikawa kinasaga siku mbili tu kwa wiki. Hisa ya shilingi mia ikaanza kuuzwa thelathini. Nilipanda baiskeli, pasi ya kusafiria mfukoni, nikaenda kuweka sikio kwenye injini ile na kupapasa mawe yake, nikaona hata kinu kikifungwa kesho, vyuma vile peke yake vingeuzwa kwa zaidi ya hisa zote. Tena nikajiuliza, hawa vibarua wa kahawa na mkonge, wataacha kula ugali?

Munyao akanijia. "Kaka, ninunulie hisa zangu. Kinu kimekufa."

"Hakijafa, kina njaa tu. Usiuze."

Mara tatu nilimkataza, naye akaapa kwamba nisipozichukua mimi atampa mtu wa kwanza atakayekutana naye njiani. Nikazichukua zote ishirini, na akiba yangu ikaishia hapo.

Mwaka mzima sikupata hata senti. Mlikula muthokoi, mahindi ya kukoboa, bila mafuta, na wewe Erastus ukakaa nyumbani wenzako wakienda shule; nisamehe, mwanangu. Majirani walinicheka. Kila mwisho wa mwezi nilikwenda Ruiru, si kuuliza bei, bali kusikiliza injini. Mvumilivu hula mbivu: vijiji vipya ambamo serikali iliwahamishia watu vikajaa, kinu kikaanza kusaga kutwa siku sita, na gawio la kwanza la faida lilipotoka Munyao akatangaza kwamba nimemnyang'anya. Miaka minne hakukanyaga kwangu. Hata tulipomzika mama yenu alisimama mbali, penye ua.

Nimejihoji sana juu ya hilo. Sikumdanganya. Lakini mtu aliyeshikwa na hofu hauzi kwa akili yake, na aliye mtulivu anapomnunulia ndugu yake asijifanye hajui. Ndiyo maana Jumamosi nilimwita, nikamwambia achukue kumi kwa bei ileile ya thelathini. Alikaa hapo ulipokaa wewe, Erastus, akalia kama mtoto, kisha tukala sahani moja. Jiwe la kwanza likashuka moyoni mwangu.

La pili lilishuka juzi, yule mnunuzi wa Nairobi alipokuja na bunda lake, akidhani nimelala, akasema anatoa mia mbili na hamsini kwa kila hisa, leo hii tu, kwa sababu serikali itavifunga vinu vidogo vyote. Nilibana pumzi. Nikakusikia, Ndinda, ukimwuliza polepole, "Kama vitafungwa, wewe unakinunulia nini?" Hakusubiri hata chai! Mwanangu, nilicheka kimoyomoyo hadi kifua kikauma. Kumbe hofu niliyoibeba miaka yote, kwamba kelele za watu zitawapumbaza kama mimi, haikuwa na kazi.

Basi shikeni haya. Hisa kumi zilizobaki ni zenu nyote wawili, na Ndinda ndiye atakayeongea, kwa kuwa anajua kuuliza. Msiuze mojamoja kwa ajili ya harusi au sifa. Bandu bandu huisha gogo. Lakini kinu si mungu, ni chuma: siku injini ikichoka kabisa, au mtu akitoa bei ambayo kinu hakiwezi kuileta hata Erastus azeeke, uzeni bila machozi. Gawio la mwaka huu lote ni la Erastus, akasome ufundi. Ngoja... nipeni maji.

Nizikeni Ngoliba, ubavuni mwa mama yenu. Mbao nimeziweka darini, nimezipiga randa mwenyewe, msiende kununua jeneza la kupendeza watu. Munyao ndiye atupe udongo wa kwanza. Mpeni kiti... mpeni heshima yake.

Leteni mikono. Nawatemea mate ya baraka, wanangu. Mungu awape macho ya kuona, na... na moyo usiokimbia watu wakikimbia. Mzae. Mpendane. Mimi... sina deni la moyo kwa mtu yeyote. Laza mto huo, Ndinda. Hivyo. Hivyo, mama... inatosha.