Mhindi Aliyeshindwa Mara Mbili

Kwenye benchi la Ndikuriyo, Mrundi muuza kahawa wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, gazeti halisomwi mpaka samaki aondolewe kwanza. Asubuhi hiyo ya mwaka 2002 Gélase alirudi kutoka soko la Tsoka, Lilongwe, na usipa, samaki wadogo wa ziwani, waliofungwa kwenye ukurasa wa Kiingereza uliotoka India. Gélase huyo wanamwita Jenerali, ingawa vita vyote alivyopigana ni vya mdomo. Ukurasa ulisimulia maisha ya mwanasiasa mmoja mkubwa wa huko. Jina lake lilikwenda na mafuta ya samaki, sifa zikabaki. Ukurasa akapewa Apollinaire wa Bukavu, aitwaye Diksioneri, autafsiri. Aliyesogea karibu kuliko wote ni Mulenda. Kwa miaka minne alikuwa prezida wa Wakongomani wa mtaa wao, lakini Jumapili Cécile, fundi cherehani, alimshinda kwa kura thelathini na moja, na kesho ndiyo ilikuwa siku ya kumkabidhi muhuri wa komite. Tangu hapo roho ilimuuma kweli kweli. Watu aliwaambia ni malaria.

— Alizaliwa 1921, — Diksioneri akaanza. — Akiwa angali anasoma, Baingereza balimufunga miezi kenda.

— Miezi kenda tu? — Jenerali akaguna. — Kwetu ile haiko prizo, ile ni salamu.

— Kiisha akakuwa avoka, wakili wa korti. Akakuwa depite mu parlema mara munane. Akakuwa minisitri wa treni.

— Na treni inatembeaka?

— Banaandika inatembea.

— Gazeti ya uongo hiyo!

— Ngoja basi. Alibadilisha parti mara ine.

— Mara ine! Kila parti na baaskari ngapi?

— Baaskari habakuandikwa.

— Balifichwa! Mukubwa hawezi kubadilisha parti bila bataliyo. Samaki mukunje angali mubichi!

Methali hiyo aliitoa kwa sababu ya usipa tu. Hakuna aliyemwomba.

— Siku moja, — Diksioneri akaendelea, — alikasirika, akatoka mu parlema na badepite makumi ine.

— Njo hapo! Aliingia pori!

— Hapana. Kesho yake alirudi, akakunywa chai na bale aligombana nabo.

— Ile chai ilikuwa na sumu, — akasema Ndikuriyo, akimimina kahawa.

— Nani alikufa? — Diksioneri akauliza.

— Hakuna bado. Ni sumu ya polepole. Si muzee iko na miaka makumi munane na moja? Itamumaliza tu.

Benchi zima likakubali kwamba Wahindi ni watu wa subira sana katika mambo ya sumu. Mulenda hakucheka.

— Soma pahali alishindwa, — akasema.

— Alishindwa mara mbili. «Alikubali matokeo jioni ile ile, akarudi nyumbani kwake.»

— Mutego ule! — Jenerali akampiga Mulenda begani. — Sikia, Prezida. Asiyekubali kushindwa njo mushindani. Kashe, ule muhuri, usitoe. Haraka haraka haina baraka. Toka na bantu yako, fungua komite yako ng'ambo ya barabara. Koral ya bijana, bale baimbaji, iko nyuma yako. Bakipiga ngoma, Cécile atafanya nini? Atabashona?

Kicheko kikapasuka. Mulenda akajiona mkubwa tena, na utamu wake ukampanda kichwani. Kusema kweli, watu ishirini alikwisha kuwapata tangu jana. Walikuwa wakingoja neno lake tu.

Kwenye ncha ya benchi alikaa mwanamke aliyeshika kikombe kwa mikono miwili. Huyo ni Sabine, aliyefika Alhamisi kutoka Fizi, Kongo, mtoto mgongoni.

— Samahani, bapapa, — akasema. — Ile siku Muhindi alishindwa, bale balimupigia kura balikimbilia wapi?

Diksioneri akatazama ukurasa, akaugeuza. Nyuma kulikuwa na tangazo la sabuni. Akaurudisha.

— Haikuandikwa.

Ndikuriyo akapata kazi ya ghafla ya kusafisha birika.

— Mi nauliza tu, — Sabine akaendelea. — Kwetu, bakubwa babili bakikosana, siye njo tunatembeaka. Sasa nafika hapa, nasikia hapa pia iko babili. Nitandike mukeka wangu, ao ningojee kwanza?

Mulenda mwenyewe aliondoka Uvira mwaka 1996 usiku mmoja, watoto wawili mkononi, kwa ugomvi wa wakubwa ambao hata sura zao hakuzijua. Aibu ilimchoma mpaka masikioni.

— Tandika, mama, — akasema mwishowe.

Akainuka, kahawa yake nusu, akashika njia ya kwa Cécile kumkabidhi muhuri. Jenerali akamwita «Prezida!» mara mbili. Hakugeuka.