Mama Kiwanda na Mikono Aliyoikalia

Marehemu, ambaye wengi wenu mliokusanyika hapa hamkumjua kwa jina lingine ila Mama Kiwanda, alizaliwa alfajiri ya tarehe 9 Machi 1955, mtoto wa kwanza wa fundi viatu na muuguzi wa zahanati. Walikaa vyumba viwili nyuma ya duka la baba, na inasemekana alianza kutoa amri kabla hajajua kufunga kamba za viatu vyake mwenyewe. Siku moja baba yake alirudi kutoka kununua gundi, akakuta viatu vyote vya wateja vimepangwa upya: vya kushoto rafu ya juu, vya kulia rafu ya chini.

"Wewe mtoto, sasa pea ya nani ni ipi?"

"Waje wajaribu, baba. Mguu utajua wake."

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, ambako alikuwa kiranja mkuu hata kabla ya kuchaguliwa. Mwaka 1978 alihitimu shahada ya kemia. Mwaka uliofuata aliajiriwa katika maabara ya kiwanda cha sabuni, na tarehe 16 Agosti 1980 alifunga ndoa na mwalimu wa hisabati, mtu mpole na mtani, ambaye hadi leo husema: "Alikuja kuazima rula, akaondoka na mimi." Walijaliwa mabinti wawili.

Kiwandani alipanda kutoka maabara hadi uzalishaji, na mwaka 1996 akawa mkurugenzi mtendaji. Alikijua kiwanda kwa pua. Akishuka tu kwenye gari getini, alikuwa tayari anauliza nani ameacha mtungi wa mafuta uchemke kupita kiasi. Aliajiri, alifundisha, aligomba, alisamehe kabla ya chakula cha mchana. Tarehe 30 Juni 2013 alikabidhi ofisi kwa hiari yake, akiwa na nguvu zake zote, akaitikia mwito wa kampuni ya mabasi kuwa mjumbe wa bodi asiye mtendaji. Baadaye hospitali nayo ikamwita.

Hapa wasifu huu hauna budi kusimama kidogo, maana maneno ya kipuuzi yamesemwa, mengine juzi tu katika msiba huu huu, wasemaji wakiwa na vikombe mkononi: kwamba baada ya ukurugenzi Mama Kiwanda "alikaa tu", akinywa chai vikaoni na kuinua mkono wakati wa kura. Aliyesema hivyo hajawahi kujaribu kunyamaza mbele ya kosa analojua kulirekebisha. Ile ndiyo iliyokuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya, na aliianza kwa kuiharibu.

Siku ya kikao chake cha kwanza cha bodi ya mabasi, wenzake wakiwa mapumzikoni, yeye alishuka karakana. Akaona matairi yamezuia njia, akaamuru yahamishwe. Akaona foleni ya mabasi imekaa ovyo, akaigeuza. Mafundi, kwa kuwa sauti ile haibishiwi, walitii. Kufika alasiri kila basi lilikuwa na amri mbili zinazopingana, abiria wamejaa kituoni, na mkurugenzi mtendaji, kijana ambaye umri wake ulimtosha kuwa mwanawe, alisimama mbele yake kwa hasira na heshima kwa pamoja.

"Mama, shikamoo. Naomba nielewe. Kampuni hii naiendesha mimi au wewe?"

Hakuwahi kuulizwa swali hilo maishani. Mwenyekiti wa bodi, hakimu mstaafu, ndiye aliyemwokoa, kama kule ni kuokoa: "Mama Kiwanda, hatukukuita jikoni upike. Tulikuita uonje, useme chumvi imezidi. Mwiko ni wa kijana."

Alirudi nyumbani akatangaza kwamba anajiuzulu.

"Sijui kukaa bila kufanya kitu," alimwambia mumewe. "Mikono inanicheza yenyewe."

"Basi ikalie," mumewe akasema, bila kuinua macho kwenye gazeti.

"Unanitania."

"Nakutania. Lakini jaribu."

Akajaribu. Kikao kilichofuata aliweka viganja vyake chini ya mapaja, akakaa juu yake kama mtoto aliyeambiwa asiguse keki. Wajumbe walitazamana. Kijana alisoma taarifa yake: mabasi yote yamekaguliwa, breki ni nzima. Zamani Mama Kiwanda angeshakuwa chini ya basi na tochi. Safari hii alibaki kitini, jasho likimtoka, akauliza tu:

"Mwanangu, anayetengeneza breki ni nani?"

"Fundi mkuu, Mama."

"Na anayesema zimepona?"

Kijana alifunua taarifa, akatafuta saini. Alikuwa fundi yule yule. Mwaka mzima hakuna aliyeliona hilo, wala yeye. Mama Kiwanda hakuongeza neno, na waliokuwepo wanaapa kwamba kiti kililia kwa jinsi alivyoikalia ile mikono. Kijana mwenyewe ndiye aliyesimama kabla kikao hakijafungwa, akaahidi mkaguzi wa breki asiyeshika spana. Wiki hiyo hiyo mkaguzi alizuia mabasi mawili yasitoke. Abiria wa mabasi hayo hawajui waliponea wapi, na hilo lilimfurahisha Mama Kiwanda kuliko tuzo zote za kiwandani.

Tangu hapo yule kijana alimpigia simu kabla ya kila kikao. "Mama, leo utaniuliza nini?"

"Nikikwambia, utaniandalia jibu. Nataka uniandalie kampuni."

Tabia hiyo ilihamia nyumbani. Binti mdogo alipoacha uanasheria akafungua karakana ya useremala, sote wa nyumbani tulijificha tukisubiri radi. Mama aliketi sofani, viganja chini, akauliza: "Ni nini kinachokufurahisha katika mbao?" Binti alijieleza hadi chakula kikapoa, kisha akaja jikoni analalamika: "Bora angegomba! Sasa itabidi nifanikiwe." Amefanikiwa. Jeneza mnaloliona mbele yenu ni kazi ya mikono yake.

Mwezi Februari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alilazwa katika hospitali ile ile aliyokuwa mjumbe wa bodi yake, baada ya kujiuzulu kwanza, ili asiwe mgonjwa anayemtisha daktari. Daktari alipomaliza kumweleza matibabu, alisema: "Sawa, hayo ni yenu. Yangu ni yapi?"

"Kula, kulala, na kutuambia kweli ukiumia."

Aliyatimiza. Ila siku moja muuguzi alimkaribia, naye akanusa. Mkono mmoja ulikuwa na dripu, haukalikiki, akaukalia uliobaki. "Mwanangu, sabuni hii mnayonawia nani aliichagua?" Muuguzi alicheka hadi akaegemea kitanda. Sabuni ilibadilishwa mwezi uliofuata, na hakuna aliyeamrishwa.

Mama Kiwanda alifariki dunia asubuhi ya tarehe 2 Novemba 2024, nyumbani, madirisha wazi, mumewe akimsomea gazeti. Ameacha mume, mabinti wawili, mkwe mmoja, wajukuu wanne, mdogo wake wa kiume, na mkurugenzi mmoja wa mabasi, ambaye si wa damu lakini amekataa katakata kukaa na wageni.

Jana tulipokuwa tukimvalisha, binti mkubwa aliuliza mikono aiweke wapi. Sote tulitazamana, tukataka kucheka na kulia. Baba, mumewe, ndiye aliyeamua.

"Iwekeni juu," alisema. "Kikao kimefungwa."

Tumeilaza juu, imetulia yenyewe, bila kukaliwa na mtu. Nayo, pamoja na mwenye nayo, ipumzike kwa amani.