Jina la Kwanza ni Sikuli: Mama Katungu Anaaga Kompyuta Zake

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi, Mama Ernestine Katungu, mkuu wa kompyuta katika ofisi yetu ya kutafuta watoto waliopotezana na wazazi wao vitani, anastaafu tarehe 28 Juni 2024. Bado hatuamini.

Alianza mwaka 1995, akipiga taipu majina ya watoto wa kambi ya wakimbizi ya Mugunga. Mwaka uliofuata vita vilitawanya watu, na mdogo wake mwenyewe, Sikuli, akapotea kwenye barabara ya Sake. Jina lake aliliandika kwa mkono wake kwenye orodha ya wanaotafutwa. Kompyuta zilipofika alijifunza Python, lugha ya kuandikia programu, akatunga programu inayolinganisha mtoto aliyeokotwa na mzazi anayemtafuta. Tangu hapo, kila mashine ikifanyiwa mabadiliko, jina la kwanza analolijaribu ni Sikuli. Mashine ikijibu "Anatafutwa", basi hakuna mtoto aliyefutika.

Mwaka 2020 ilibidi tuhamie Python mpya. Kompyuta za Windows za ofisini hazikusumbua, Mac ya mkurugenzi nayo ilikubali. Ikabaki kompyuta ya Linux ya kituo chetu cha Mugunga, kazi akapewa Djibril wetu, kijana asiyejua kungoja. Djibril akaona asafishe nyumba kwanza: akang'oa Python ya zamani kabla ya kuweka mpya. Kumbe Linux yenyewe iliitegemea. Hata kile chombo cha kuwekea programu kikafa. Na kwenye benchi alikuwa ameketi Mama Dancille, aliyetoka Masisi kumtafuta binti yake Bibiche.

Mama Katungu alifika kwa pikipiki, vumbi la mtaa wa Ndosho mpaka kwenye nyusi. Sisi tulijiandaa kwa radi. Alisema tu: "Djibril, mukimbizi akiingia mu nyumba, mwenye nyumba anafukuzwaka? Ile ya zamani njo inapikiaka mashini!" Akamrudisha mpishi huyo wa mashine, Python ya zamani, kutoka kwenye flashi yake, akaweka mpya pembeni, akarekebisha programu mstari kwa mstari. Kisha akaandika Sikuli. "Anatafutwa." Akaandika Bibiche. "Amepatikana, yuko Ndosho, kwa familia iliyompokea." Mama Dancille alipiga kelele mpaka walinzi wakakimbilia ndani. Mimi nililia, sioni haya kusema. Nilikuwa nikimtazama mwanamke aliyetoka kuambiwa kwamba mdogo wake bado anatafutwa, akampa mwenzake jibu la furaha.

Wiki jana Djibril, mkuu mpya, alihamisha tena mashine zote kwenye Python mpya zaidi, ya zamani na mpya zikikaa pamoja kama alivyofunzwa. Mama alikaa nyuma yake. Kabla hajaambiwa, Djibril aliandika Sikuli. "Anatafutwa." Mama akainuka, akachukua mkoba wake.

Asante, Mama Katungu. Nenda nyumbani ukapumue, ule mema ya miaka yako. Sikuli tutaendelea kumtafuta sisi.