Bi Restuta Severini Likwata na Simbilisi Wake Thelathini na Mmoja

Mheshimiwa Padri, wazee wetu, majirani wa Mtanda, shemeji zetu mliotoka Ludewa, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, familia inaomba utulivu wenu na inaomba pia uvumilivu, kwa sababu historia hii imeandikwa mara mbili, ya kwanza ilikamilika juzi Jumanne ikiwa ukurasa mmoja mfupi, na hii ya pili imeandikwa leo asubuhi, na anayeisoma ni mdogo wake marehemu, Ndugu Benedicto Severini Likwata, ambaye humu ndani atatajwa kama mtu mwingine yeyote, bila kupendelewa.

Marehemu Restuta alizaliwa tarehe 3 Februari 1963 katika kijiji cha Kitangari, wilayani Newala, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watatu wa Mzee Severini Likwata na Mama Tekla, ambao wote wametangulia mbele ya haki, akabatizwa mwezi Machi mwaka huo huo. Hakuwa mtoto wa kulialia, kwani alipoanguka kwenye mkorosho akiwa na miaka minane na kuvunjika mkono, alirudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, akamwambia mama yake kwamba mkono umeharibika, kisha akauliza kama chakula kimeiva.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kitangari kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, akaendelea na sekondari kuanzia 1978 hadi 1981, akapenda sayansi kuliko masomo mengine yote, na tarehe 1 Machi 1983 aliajiriwa kuwa mhudumu wa maabara katika shule moja ya sekondari hapa Lindi, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu tarehe 3 Februari 2023, miaka arobaini kasoro mwezi mmoja. Wengi mliopo hapa mmepita mikononi mwake, mnajua kwamba ndiye aliyekuwa akiwalaza vyura, panya na sungura kwa dawa kabla ya mtihani wa vitendo, na mnajua kwamba mkono wake haukutetemeka hata siku moja, na mwanafunzi aliyechekacheka mbele ya mnyama aliyekufa alitolewa nje, kwa sababu marehemu alisema mnyama ameshatoa uhai wake, na wewe basi toa akili yako.

Tarehe 27 Septemba 1986 alifunga ndoa takatifu na marehemu Valentini Eusebio, mzaliwa wa Ludewa, dereva wa magari ya ujenzi wa barabara aliyeletwa huku na kazi asirudi tena kwao, na Mungu akawajalia mtoto mmoja, Cecilia, aliyezaliwa tarehe 19 Agosti 1990, ambaye sasa ni muuguzi mkoani Kigoma. Valentini alifariki mwaka 2011, na marehemu akabaki katika nyumba hii hii mnayoiona, akiwa mjane mwenye heshima zake, asiye na makuu wala maneno na mtu.

Sasa ndugu waombolezaji, tunafika mahali ambapo familia ilibaki mdomo wazi mara ya kwanza. Mwaka 2018 ulipita upepo wa kufuga simbilisi, wale wanyama wadogo wasio na mkia, walio kama sungura aliyenyimwa masikio, mtu mmoja ambaye kwao hapajulikani akazunguka kuanzia Kilwa hadi Lindi akiwaambia watu fugeni, soko lipo, hoteli za Dar es Salaam zinawangojea, watu wakafuga, wanyama wakazaana, lakini soko halikuonekana na mtu huyo pia hakuonekana. Wengi waliwafungulia simbilisi wao porini na kwenye mikorosho, wakawa chakula cha mbwa na kunguru. Jumamosi tarehe 14 Desemba 2019, marehemu akirudi kutoka kupimwa macho Dar es Salaam, basi liliposimama Nangurukuru watu wapate chakula, aliona nyuma ya banda la mama ntilie tenga lililoachwa juani, ndani yake wamo simbilisi tisa, wengine macho yamegandana kwa matongo, mmoja amelala juu ya mwenzake aliyekwisha kufa. Mama ntilie alimwambia mwenyewe kawatelekeza tangu jana, kama anawataka achukue. Marehemu akalichukua tenga lile, akampa konda tiketi yake aone kwamba kiti ni chake, akaliweka tenga kitini na kusimama yeye mwenyewe hadi Lindi.

Kuanzia siku hiyo nyumba hii haikuwa tena nyumba ya mtu mmoja. Alijenga banda lililoinuliwa juu ya nguzo, akaweka majivu chini kwa ajili ya siafu, akatenga madume na majike kwa sababu alisema wakiachwa pamoja hawana kazi nyingine, akawa anakata ukoka kila asubuhi, akiwapa na pilipili hoho na mapera, kwani wanyama hawa wasipopata vitu vya namna hiyo huoza fizi, na wenye ukurutu aliwapaka dawa huku akiwagombeza. Habari zikasambaa, watu wakaanza kumletea simbilisi waliowaokota, na yeye akawatibu, akawanenepesha, kisha akawatafutia nyumba za kukaa, na kwa mujibu wa daftari lake simbilisi mia moja na kumi na wawili walipata makao kwa watu, kuanzia Nangurukuru hadi hapa mjini, wakaishi kwa kupendwa tu, si kwa kuliwa.

Lakini kuwapata haikuwa rahisi, Bi Umi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ni shahidi, kwani mtu alihojiwa kama mchumba aliyekuja kuposa. Aliulizwa mchana nani yupo nyumbani, mbwa wanalala wapi, na hakuwa akitoa mmoja peke yake hata ungelia machozi, ni wawili wawili, kwa sababu simbilisi akikaa mpweke hususa kula mpaka akafa. Baada ya wiki mbili alikuja kukagua na mizani yake ya jikoni. Ndugu Yassin wa Mchinga, ambaye yupo hapa na ndevu zake, alinyang'anywa wake wawili siku ya Jumapili mbele ya mkewe kwa kuwaweka chini ya bati lenye jua, akaomba radhi, akasubiri miezi sita, akapewa wengine, na leo banda lake lina kivuli kuliko sebule za baadhi yetu.

Familia haina budi kusema kwamba mdogo wake marehemu, Ndugu Benedicto, hakupendezwa na jambo hili, aliwaita wanyama hao panya, alisema mbele za watu kwamba dada yake aliyestaafu kwa heshima amegeuka yaya wa panya, na kwa muda wa miezi minane hakukanyaga hapa. Marehemu aliendelea kukata ukoka wake.

Tangu mwaka 2021 marehemu alisumbuliwa na shinikizo la damu, na mwezi Aprili mwaka huu daktari alimwambia apumzike kabisa, naye akatii, akapanga kwenda kukaa na Cecilia Kigoma, ila alisema haondoki mpaka kila simbilisi awe na kwake. Alihangaika miezi miwili, akapata nyumba kumi na tatu kwa ajili ya wazima ishirini na sita, wawili wawili, siku ya kuja kuwachukua ikawekwa kuwa Jumamosi hii, tarehe 14 Juni 2025, na Jumapili iliyopita alimpigia Cecilia simu akicheka, akasema mwanangu, wazima nimewaozesha wote.

Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, saa tatu asubuhi, akiwa anawapima uzito, alimwita Bi Umi ukutani akamwambia mkono wake wa kushoto umekufa ganzi, akapakiwa kwenye bajaji na kufikishwa hospitali, madaktari wakafanya lililo katika uwezo wao, na saa saba na dakika ishirini mchana akaaga dunia. Mtu aliyekuwa akicheka simuni jana yake! Hadi tunapozungumza hatujaamini.

Historia za marehemu huishia hapo, na ile ya kwanza iliishia hapo. Lakini Cecilia amesema kwamba mjomba wake atasoma historia ya mama yake kwa sharti moja tu, asome mpaka mwisho, la sivyo ataisoma yeye mwenyewe, na wanaomjua Cecilia wanajua kwamba hatanii.

Jana Jumatano, saa mbili asubuhi, shemeji zetu kumi na wanne waliwasili kutoka Ludewa wakiongozwa na Mzee Ismael, kaka wa marehemu Valentini, wakiwa wamechoka na safari na hawajatia kitu tumboni. Walipoona banda lile, wazee wale walitokwa na machozi, kwa sababu kwao simbilisi ni mfugo wa jikoni, hukaa karibu na moto, ni kitoweo cha mgeni wa heshima, na wao waliamini kwamba shemeji yao, miaka yote hii ya ujane, alikuwa akiendeleza desturi ya nyumbani kwa mumewe. Mzee Ismael hakujichukulia madaraka, alimfuata mwenyekiti wa msiba, ambaye ni Ndugu Benedicto, akamuuliza kwa adabu, mifugo ya marehemu tuifanyeje, wageni ni wengi. Bi Umi, ambaye angewazuia, alikuwa amekwenda sokoni, na Ndugu Benedicto alikuwa na simu sikioni, akibishana na fundi wa jeneza, na bila hata kugeuza kichwa alipunga mkono akasema shughulikeni nao.

Jamani, wakashughulikiwa. Wote ishirini na sita.

Majirani zetu Waislamu msiwe na wasiwasi, sufuria la wote lilikuwa la mbuzi aliyechinjwa na Mzee Yahya kwa taratibu zote, na hiki kingine kilipikwa kando, kikaliwa na wageni wa Ludewa pamoja na wanandugu. Ndugu Benedicto naye alikula, akakisifu, akaomba aongezewe mchuzi. Hilo pia Cecilia amesema lisomwe.

Cecilia aliingia saa kumi jioni baada ya siku mbili barabarani, hakuja kwanza kwetu wala hakuingia ndani, alikwenda moja kwa moja bandani na fungu la ukoka alilolikata njiani, na ukelele alioutoa wengi wenu mliusikia mkadhani ni wa kumlilia mama yake, na kwa kweli ulikuwa wa kumlilia mama yake. Mzee Ismael alipoelezwa alivua kofia, akakaa chini mchangani, na hadi sasa hajaonja kitu. Tunasema mbele ya umati huu kwamba shemeji zetu hawana kosa hata chembe, waliuliza, na waliyemuuliza ndiye aliyekuwa na wajibu wa kujua.

Leo asubuhi, akina mama walipokuwa chumbani kwa marehemu wakiandaa nguo zake za mwisho, mmoja alipofungua mfuko wa plastiki kutoa nguo hizo, ghafla kukatoka chini ya kitanda mluzi mkali, wa pili, wa tatu, akina mama wakatoka mbio, kanga huku, ndala kule, mmoja akapitia dirishani, na hapa nje wanaume wazima tukasimama bila kujua tukimbilie wapi. Aliyerudi ndani ni Bi Umi peke yake, kwa sababu alikuwa anajua kwamba simbilisi wakisikia mfuko ukichakarika hudhani ni majani yao yamefika, akavuta boksi, na ndani wamo watano, wagonjwa wa ukurutu, ambao marehemu alikuwa amewatenga kwa matibabu. Walikuwa na njaa ya siku tatu. Waombolezaji tulikuwa tumekaa juu yao tukiimba.

Kwa hiyo wenye nyumba zile kumi na tatu, ambao wengine mmekuja msibani na matenga yenu mkidhani mtaondoka nao, familia inawaomba radhi, hakuna cha kuwapa. Hawa watano watatunzwa na Bi Umi, anayeijua dawa yao, na atakaa nao pamoja hadi wapone, kisha Cecilia ataamua.

Ndugu Benedicto alimwomba Cecilia awachukue yeye, alisema atajenga banda, atakata ukoka kwa mkono wake, na alimwomba akiwa amepiga magoti, mtu wa miaka hamsini na tisa, aliyeongoza vikao vya ukoo huu kwa miaka ishirini bila kupingwa na mtoto. Cecilia akasema shikamoo mjomba, kama vile ndio kwanza wanaonana, kisha akasema hapana, mama asingekupa. Na ni kweli, asingempa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea marehemu, dereva wa bajaji aliyekimbia bila kuuliza chochote, walimu na wafanyakazi wenzake wa miaka arobaini, Padri na jumuiya, majirani wa Mtanda wa dini zote mliolala nasi hapa chini, Bi Umi ambaye hatuna cha kumlipa, na shemeji zetu wa Ludewa, ambao tunawaomba sana mle chakula leo.

Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Pumzika kwa amani, Restuta binti Severini, nawe dada yangu, kama kuna nafasi huko, nisamehe mimi.