Tuta la Mama Vinundu

Mgeni rasmi, sisi wafanyakazi wa kituo cha mbegu za mikunde tunakupokea kwa mikono miwili. Viatu vyako vitachafuka kidogo, utuwie radhi.

HISTORIA FUPI
Kazi yetu ni kufuga vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vinaishi ndani ya vinundu kwenye mizizi ya maharage, vinakamata naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea, nao mmea unavilipa sukari. Mkulima akivipakaza kwenye mbegu, anaokoa mbolea.

Mlezi wa vijidudu hivyo alikuwa mwenzetu wa maabara, tuliyemwita Mama Vinundu. Hakuamini ripoti yoyote mpaka apasue kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani kama fizi, alisema, "Haya, wanangu wako kazini." Kikiwa cheupe, siku hiyo hata chai hanywi. Tulimzika mwezi uliopita, na bado hatujazoea.

MAFANIKIO
Shamba lililo mbele yako ni kijani kibichi, kama unavyoliona.

CHANGAMOTO
Ni shamba hilo hilo. Wiki ya msiba umeme ulikatika, jokofu likazima, na vijidudu vyote alivyotuachia vikafa. Tukajipa moyo kwamba tutavipata tena shambani. Lakini ikaja amri: "Mgeni anakuja, aone kijani!" Tukamwaga yuria. Mmea ukishashiba mbolea ya dukani, haujisumbui kufuga mtu. Ng'oa mche wowote, mgeni rasmi, utakuta mizizi mitupu. Tulijua hivyo, na bado tulimwaga.

Lilibaki tuta moja nyuma ya stoo, alilolipanda marehemu kwa mkono wake. Hilo hatukuligusa.

MAOMBI
Tulikuwa tumeandika jenereta. Tumeifuta. Asubuhi hii mafundi wamechimba shimo la jiwe la msingi utakaloliweka leo, na wamelichimba kwenye tuta hilo. Miche imetupwa kando ya ukuta, juani. Mmoja wetu alikimbia akapasua kinundu, akarudi analia: bado ni chekundu.

Hatuombi jiwe lihamishwe. Tunaomba tu ruhusa ya kuvichuma vinundu hivyo kabla havijakauka, na ukiona viti vyetu vitupu, usidhani ni dharau.

Mungu akulinde, akurudishe salama kwa wanao, na amlaze mama yetu pema.

Ni sisi, wafanyakazi wa kituo. Aliyekusomea ni mlinzi wa geti. Wengine wote wako ukutani.