Jambia la Baba na Ndoto ya Wiryatmo

Sogeeni karibu, Wuryanti, na wewe Haryaka, mkae upande huu wa dirisha ambako sikio langu bado lina kazi, na mkeo, Haryaka, aache vyombo huko jikoni aje pia, kwa maana ninayosema leo sitayarudia, na sitaki kesho mmoja aseme baba alisema hivi na mwingine aseme alisema vile.

Nianze na jina. Nilizaliwa nikaitwa Sukadi, na siku ya ndoa nikapewa jina la utu uzima, Wignyasukarta, kama wanavyopewa wanaume wote wa hapa Delanggu. Kaburini andikeni yote mawili, na la pili liandikwe kwa ukamilifu, msilikate kwa sababu jiwe ni dogo. Tafuteni jiwe kubwa. Nizikeni kushoto kwa mama yenu, Rumsari, mbali na mdogo wangu Wiryatmo. Sisemi hivyo kwa ubaya. Ameketi mbele yangu vya kutosha.

Nyumba hii ni ya Wuryanti, aliyerudi kunihudumia wakati angeweza kubaki mjini na mshahara wake. Shamba la mpunga la juu ni la Haryaka, la chini ni la Wuryanti, na mfereji unaopita katikati ni wa wote wawili; asiuzibe mtu hata mkigombana. Pimamaji yangu na ile darubini ya kupimia mitaro pelekeni shule ya kilimo, na mseme ni za Wignyasukarta aliyefanya kazi chini ya Bwana Terwiel, yule Mholanzi mkuu wa mifereji; jina mliandike Terwiel, siyo Terwil.

Limebaki jambia, na najua ndilo mnalolingojea.

Jambia letu, lenye jina la Tirta Lirih, ni chuma tu, limenyooka, na ala yake imepasuka. Lakini mwenye kulishika ndiye mkuu wa ukoo. Ndiye anayeketi mkeka wa mbele, ndiye anayekatiwa ncha ya ule mlima wa wali wa manjano wa karamu, na neno lake ndilo linalofunga ugomvi. Nanyi mnajua kwamba halifuati umri. Huwekwa chini ya mto, mtu akalilalia, na akiota ndoto njema husemwa kwamba limemkubali.

Baba yangu, Martasudira, alipoona nguvu zinamwisha, alitulaza juu ya jambia sisi wanawe wawili, mimi kwanza kwa kuwa ndimi mkubwa, kisha Wiryatmo. Mimi nililala usingizi mzito wa mtu aliyeshinda kwenye matope ya mifereji, nikaamka shingo inaniuma. Baba akaniuliza nimeona nini, nikamwambia sikuona kitu. Walimu wangu wa Kiholanzi walinifundisha kuandika kipimo kama kilivyo hata kisipompendeza mkubwa wa kazi, na nilidhani baba atanisifu. Aligeuza uso akatazama ukuta. Asubuhi iliyofuata Wiryatmo akatoka na ndoto: amesimama kwenye chemchemi, maji yanamfika magotini, na bibi mzee amemshika mkono anamwambia, usiogope, hili ni lako. Nilikuwa mlangoni nimeshika kikombe cha chai cha baba. Nikayaona macho ya baba yakiwaka kwa namna ambayo hayakuwahi kuwaka kwangu, hata siku nilipomaliza shule, hata siku nilipovaa kofia ya kazi. Na papo hapo, hapa chini ya mbavu, nikajua kwamba Wiryatmo anadanganya. Sikudhani. Nilijua, kama mtu anavyojua kwamba jino linamuuma.

Tangu hapo mdogo wangu akawa mtu wa kuulizwa. Walikuja kumuuliza wapande lini, wamwoze binti kwa nani, wamnunue nyati huyu au yule, naye hufumba macho, huweka kiganja kifuani, halafu hujibu. Jibu likiwa sawa, walimletea ndizi na sifa. Likiwa si sawa, walirudi nyumbani wakisema wao ndio hawakumwelewa. Mimi nilikuwa nikiwaambia watu mapema mtaro upi utabomoka, na mtaro ukabomoka, na hakuna aliyeniletea hata kichane kimoja. Wewe, Wuryanti, ulipopata homa ukiwa mchanga, niliendesha baiskeli mpaka Klaten kutafuta kwinini, nikarudi nimelowa mpaka mifupa, nikamkuta mama yenu amekwisha kwenda kumuuliza Wiryatmo, naye amemwambia mtoto atapona. Ulimeza dawa yangu ukapona, na mama yenu akampikia Wiryatmo kuku. Nilikula paja la kuku yule. Lilinikwama kooni, na nikiwaza habari yake bado naliona liko pale pale.

Haryaka, usicheke. Nakuona.

Msidhani nawaambia kwamba hisia ni uongo na vipimo ndivyo kweli. Hivyo ndivyo alivyosema Bwana Terwiel, na hakujua yote. Nilipoanza kazi nilivua viatu nikatembea juu ya tuta, na nyayo zangu zikaniambia ardhi inainama upande gani. Mwanzoni zilinidanganya. Maji yakasimama katikati ya mtaro kama ng'ombe aliyegoma, wakulima wakaniuliza kama shuleni tulifundishwa kufuga samaki. Nikaona haya, nikarudia, nikakosea tena, mpaka nyayo zikajifunza, na mwishoni nilikuwa nikisema mwinamo kabla Bwana Terwiel hajafungua miguu ya darubini yake. Nyayo zile niliziamini, maana zilikuwa zimekanushwa na maji mara nyingi. Lakini ile hakika yangu juu ya Wiryatmo nani aliwahi kuikanusha? Niliilisha mwenyewe, nikaifungia ndani, ikanenepa.

Mwaka jana, mdogo wangu alipokuwa kitandani siku zake za mwisho na waliomuuguza wametoka kuchota maji, nilimuuliza. Nilimwambia, Wiryatmo, ile ndoto.

Akacheka mpaka akakohoa. "Kaka, nilijua utaniuliza. Sikujua tu kama utaanza wewe kufa au mimi."

Nikamwambia ajibu.

"Niliota maji," akasema. "Hilo ni kweli. Maji tu. Nilipoanza kumsimulia baba, akanitazama vile alivyonitazama, na yule bibi akaingia mwenyewe. Sijui kama alikuwemo tangu usingizini. Nimejiuliza hadi nimechoka." Kisha akanishika mkono. "Wewe ulikuwa na shule, Kaka. Shamba la mashariki lote liliuzwa ili wewe ujue kusoma, mimi nikabaki na nyati. Asubuhi ile ningekosa la kusema, ningekuwa nani humu ndani?"

Nikamuuliza mbona hakuniambia maisha yote.

"Ungeninyang'anya."

Na kweli ningemnyang'anya.

Kumbe naye alikuwa akinionea wivu tangu siku nilipovishwa viatu, na alikuwa na hakika zake juu yangu, kwamba namdharau, kwamba nahesabu makosa yake. Hilo la pili hakukosea. Mngedhani nilitoka pale moyo umetulia. Haukutulia. Nilirudi nyumbani nikimwonea wivu hata kwa jibu lake, jinsi lilivyomtoka kwa urahisi. Lakini nilipokaa peke yangu niliona kitu. Wivu wangu ulijua jambo moja tu kwa hakika, kwamba nilitaka baba anitazame. Hapo haukukosea hata siku moja. Juu ya kilichotokea ndani ya kichwa cha Wiryatmo haukujua lolote, ila ulisema yote mawili kwa sauti ile ile, nami nikaamini yote mawili.

Sasa, Haryaka. Hakuacha mtoto Wiryatmo, jambia limerudi kwangu, nawe juzi umelilalia. Ukatoka asubuhi na ndoto ya mzee anayenawa miguu kwenye kijito, anakuita jina lako, na mkeo akalia, na dada yako akakuuliza kwa utani kama mzee huyo, akiwa ni baba yenu mdogo, hakukudai ile pampu ya baiskeli uliyompotezea. Nilikuwa nakutazama. Ulikuwa ukishika sikio, kama ulivyoshika ukiwa mdogo ukiulizwa nani amekula matunda. Na hapa, chini ya mbavu, mahali pale pale, ikaja sauti ile ile: anadanganya.

Kaa. Sijamaliza. Wuryanti, mshike mkono.

Sauti hiyo siijui tena. Huenda ni baba anayemjua mwanawe. Huenda ni Sukadi tu, bado amesimama mlangoni na kikombe cha mtu mwingine. Kama uliota kweli, nakuonea wivu, kwa kuwa mimi nililalia chuma nikapata maumivu ya shingo. Kama hukuota, nakuonea wivu ulimi wako. Vyovyote iwavyo siwezi kukuhukumu kwa kitu ambacho siwezi kukipima.

Basi hivi ndivyo ninavyoamuru. Jambia ni lako, Haryaka, na mkeka wa mbele ni wako. Nimelitoa mimi, Wignyasukarta, kwa mdomo wangu. Ndoto haikulitoa, wala ndoto haitalichukua. Mtu yeyote asilale tena juu yake, si wanao, si wajukuu. Kila mwezi wa Muharamu, siku ya kuliosha kwa maji ya ndimu, utalileta hapa kwa dada yako. Na wewe, Wuryanti, utamuuliza mbele ya watoto: ndugu yangu, uliota? Atajibu atakavyo. Akisema ndiyo, mlioshe jambia mle wali. Akisema hapana, au akisema niliota kidogo na mengine nikaongeza, mlioshe jambia mle wali, na ncha akatiwe yeye vile vile. Asinyang'anywe kwa jibu lolote. Mnanielewa? Kwa jibu lolote.

Nipe maji. Kidogo tu.

Mwenyezi Mungu awaweke pamoja. Awape mvua kwa wakati wake... na mfereji usiojaa mchanga. Awape watoto watakaosema hawakuona kitu, na wazazi... wasiogeuza uso. Nimewaridhia wote wawili. Na Wiryatmo. Mwambieni... hapana, nitamwambia.

Wuryanti. Lile swali. Muharamu huu ulio karibu usimuulize. Anza mwakani. Mwaka huu mwache... mwache afurahi nalo.